Mnyororo Kwenye Banio la Waipahe

Iokepa Puhala hakuwahi kumfundisha mtoto yeyote akiwa amesimama mahali pakavu. Basi la shule lilipowashusha wanafunzi mwisho wa lami, agizo lake la kwanza lilikuwa viatu vivuliwe. Mwalimu wao, Luika Tavares, alijaribu safari ya kwanza kumweleza kwamba wazazi wengine wanaogopa watoto kukatwa na mawe. Iokepa akaitazama ile miguu, laini na isiyojua ardhi, akasema, "Waambie wazazi wao mawe ya hapa nayajua yote. La kumkata mtu halipo. Lipo la kumwangusha, na kuanguka ni sehemu ya somo."

Wakavua. Tangu hapo kila muhula walivua.

Iokepa alizaliwa humo humo bondeni, Waipahe, mashariki ya kisiwa cha Molokai, ambako milima inakamata mawingu na hapakuwa na mvua isiyo na jina. Manyunyu ya alfajiri yalikuwa na jina lake. Mvua iliyokuja na upepo wa baharini ilikuwa na lake, na ile nzito iteremshayo mawe ilikuwa na jina ambalo wazee hawakulitaja wakiwa njiani. Siku hizi redio inasema kutakuwa na mvua, na watu wanaridhika. Majina hayo hayakufa kwa uzee, yaliuawa. Iokepa alipokuwa mdogo, mtoto aliyesikika shuleni akisema Kihawaii alinyoosha mikono akachapwa rula. Mama yake, asiyejua lugha nyingine yoyote, aliagizwa aseme Kiingereza na mwanawe. Akaona afadhali kunyamaza. Kwa miaka mama na mwana waliishi nyumba moja wakizungumza kwa macho na kwa sahani za chakula.

Alipopata nguvu za kutosha akaenda magharibi ya kisiwa kuendesha lori la mananasi. Kule ni kukavu, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye meno. Maji ya kumwagilia mananasi yalitoka mashariki kwa bomba, na sehemu yake ilitoka Waipahe. Kijana yule alikinga kikombe chake kwenye bomba la kambi, akanywa, akayatambua maji ya kwao kwa ladha. Hakumwambia mtu. Bondeni, wakati huo, majaruba ya magimbi yalikuwa yamekwisha kukauka na kupasuka, na majirani waliobaki wakihama nyumba baada ya nyumba. Kisha kampuni ikagundua kwamba katika nchi nyingine wapo watu wa kulima mananasi kwa ujira mdogo zaidi. Ikafunga, ikaondoka, ikaacha plastiki nyeusi ardhini na mabomba ya kuliwa na kutu. Hakuna aliyesema samahani. Maji yalirudi kwenye mto wake siku koki kubwa ilipofungwa, kama mtu aliyeshikwa kwa makosa na sasa anakwenda zake nyumbani.

Iokepa naye akarudi, yeye na mkewe Abigaila. Wakafyeka msitu uliomeza majaruba ya baba yake, wakainua kuta za mawe, wakapanda. Vikonyo vya kupandia walivipata kwa dada yake mkubwa, Haliaka. Huyu hakuwahi kuondoka bondeni. Miaka yote ya ukame aliliweka hai jaruba moja dogo kwa maji ya kubeba kichwani, na watu walimwita kichaa. Magimbi yote yaliyoko Waipahe leo ni watoto wa jaruba lile. Haliaka hakupenda kulitaja jambo hilo, lakini hakupenda pia likisahauliwa.

Abigaila alipofariki, Iokepa alibaki na mabuti yake, redio na bonde. Ndipo mwalimu Luika alipokuja kumwomba awafundishe watoto kisiwa chao. Walikuwa wazawa, wengi wao, wenye majina ya Kihawaii yasiyo na mtu wa kuwaeleza maana yake. Iokepa alikubali kwa sharti moja, kwamba asifundishwe namna ya kufundisha.

Somo lake lilitembea. Lilianzia mtoni panapokutana na bahari, likapanda na maji kinyumenyume: hapa palikuwa na ukuta wa kutegea samaki, hapa palikuwa na nyumba ya mwanamke aliyechonga ndoana za mfupa, jiwe hili lenye mgongo ni mpaka wa koo mbili zilizogombana hadi zikaoana. Watoto walipita katikati ya majaruba, tope likiwafika magotini. Somo liliishia juu, kwenye banio, pale mawe yaliyopangwa mtoni yanapoyageuza maji yaingie mfereji. Hapo ndipo alipowaeleza maji yalivyochukuliwa. Iokepa aliamini, na hakuwa na shaka hata kidogo, kwamba mtoto asiyefika kwenye banio hajafundishwa kitu, ametembezwa tu.

Muhula uliopita aliongeza neno. Alisimama juu ya jiwe akasema, "Mmezoea kusikia kwamba maji yetu yaliibwa na wageni. Ni kweli. Lakini mgeni hajui njia. Yupo mtu aliyewaleta mpaka hapa, akawabebea na vyombo vyao vya kupimia juu ya nyumbu wake. Mtu huyo aliitwa Nahinu Puhala. Ni babu yangu." Siku hiyo Iokepa alirudi nyumbani kifua mbele. Historia inayowaacha watu wako nje, aliona yeye, ni porojo za wanasiasa.

Maneno yale yalifika kanisani Jumapili yakiwa midomoni mwa bibi ya mmoja wa wanafunzi. Haliaka alikuwa amekaa benchi la mbele.

Shamba la juu, pamoja na banio, baba yao alimwachia Haliaka.

Kwa hiyo siku ambayo wanafunzi walirudi, Iokepa alikuwa na habari mbili mbaya, moja anayo na nyingine akiletewa. Aliyoletewa ilitoka kwa Luika, akimwambia kando ya basi watoto wakivua viatu.

"Mjomba, mkuu wa shule ameuliza tena. Anasema kama safari inaishia kwenye tope, mwakani watoto watapelekwa hotelini. Kuna onyesho la utamaduni. Ukumbi una feni."

"Onyesho la nini?"

"Ngoma. Na chakula cha kujipakulia."

"Na mto?"

"Wana bwawa la kuogelea, Mjomba."

Iokepa alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie mkuu wako haishii kwenye tope. Inaishia kwenye banio. Aje mwenyewe aone." Hakumwambia kwamba tangu wiki iliyofuata ile Jumapili njia ya banio ilikuwa na mnyororo. Alikuwa na hakika dada yake hangethubutu kuwafungia watoto.

Alithubutu. Walipofika juu, miguu imejaa tope, walikuta mnyororo mpya unaong'aa umefungwa kutoka mti hadi mti, na Haliaka ameketi nyuma yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia ya ukili kichwani, mbwa miguuni.

"Dada," akasema Iokepa.

"Abee."

"Nimekuja na watoto."

"Nawaona. Wana afya."

"Tunapita kwenda kwenye banio."

"Mnapita wapi? Mimi sioni njia hapa. Naona shamba langu."

Mvulana mmoja mnene, Delbert, akamnong'oneza mwenzake kwa sauti iliyosikika na wote, "Mjomba kapatikana leo." Luika akamkanyaga mguu.

"Watoto wametoka ng'ambo ya kisiwa, dada."

"Na wale wa zamani walitoka mbali zaidi. Wakaonyeshwa njia. Si ndivyo ulivyohubiri? Ukasimama juu ya jiwe ukamvua babu yako nguo mbele ya watoto wa watu."

"Nilisema kweli."

"Kweli! Babu alipokufa wewe ulikuwa unanyonya."

"Baba alituambia."

"Baba alikuambia wewe. Mimi aliniambia Babu mwenyewe." Haliaka akasukuma kofia nyuma. "Na sasa tazama. Kila muhula unaleta kundi jipya, unalipandisha mpaka kwenye maji. Nani mwonyesha njia hapa? Usihangaike kumtafuta Nahinu kaburini. Jitazame kwenye kioo."

Neno hilo lilimchoma. Alifungua mdomo, akaona nyuso za watoto zikimwangalia yeye kisha dada yake kama watu wanaotazama mpira, akaufunga. Ugomvi wa ndugu haukuwa sehemu ya somo. Akageuka, akawateremsha wote hadi bandani kwake, akawapa magimbi yaliyochemshwa, mbao na mawe ya kupondea. Wakaponda. Waliponda vibaya, magimbi yakiwarukia nyusoni, lakini waliponda.

Mchana Haliaka naye akateremka. Hakualikwa, na hakukuwa na haja. Chakula kikipondwa Waipahe mkubwa wa ukoo ndiye anayeanza kula, na mnyororo haukubadilisha hilo. Akaketi upande wa juu wa mkeka. Palikuwa na samaki wa chumvi, mwani, nyama ya nguruwe mwitu iliyochomwa, viazi vitamu. Katikati palikuwa na bakuli kubwa la mti lenye poi, ule ugali laini wa magimbi, likiwa limefunikwa kwa jani pana. Iokepa aliweka kiganja chake juu ya jani, hakukiondoa.

Watu wa bonde lile walilelewa na sheria moja ya mezani. Gimbi ni ndugu mkubwa wa binadamu, alizaliwa kabla ya mtu wa kwanza, na jina lake ni Haloa. Bakuli la poi likifunuliwa, ndugu mkubwa amefika. Mbele yake hakuna kugombana, hakuna kubishana bei, hakuna neno la kumuumiza mtu. Aliyekuwa na hasira ameze kwanza hasira, halafu chakula. Siku hizi poi inauzwa kwenye mifuko ya plastiki, watu wanaikamua mbele ya televisheni huku wakitukanana, na hakuna anayeshangaa kwa nini haishibishi.

"Funua tule," akasema Haliaka.

"Bado nina neno."

"Watoto wana njaa."

"Watoto wamekuja kusoma, na somo lenyewe umelifunga kwa mnyororo. Leo usipofungua, mwakani watapelekwa hotelini kutazama mtu akirusha mienge. Watadhani huo ndio utamaduni wao. Unataka hivyo?"

"Nataka jina la babu yangu lisiwe kichekesho cha basi la shule."

"Hakuna aliyecheka!"

"Yule mnene alicheka."

"Sikucheka hiyo, Shangazi," akasema Delbert. "Nilicheka leo tu."

"Iokepa, ondoa mkono."

"Sitaondoa. Nikiondoa nitalazimika kunyamaza, na wewe unajua. Sema kwanza kwamba unafungua njia."

Haliaka aliinama, akalishika jani kwa ncha, akalivuta kutoka chini ya kiganja cha mdogo wake upesi kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Poi ikaonekana, ya zambarau, inang'aa. Iokepa akabaki mdomo wazi na maneno yote kooni. Dada yake alikuwa amemfunga domo kwa ndugu yao mkubwa. Mambo yamekwisha, mnyororo uko pale pale, na sasa watakula kwa adabu.

Haliaka akachovya kidole, akala, akatazama mlimani kwa utulivu wa mtu aliyeshinda kesi. Wakala wote.

Kulikuwa na msichana mwenye miwani aitwaye Kawehi, wa aina ile ambayo hukaa kimya tangu asubuhi kisha huuliza jambo moja. Akamgeukia Haliaka.

"Shangazi, babu yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Luika alifumba macho. Iokepa aliacha kutafuna. Kidole cha Haliaka, chenye poi, kilisimama katikati ya bakuli na mdomo. Uso wake ulipanda rangi, kisha macho yake yakashuka kwenye bakuli lililo wazi, bakuli alilolifunua kwa mkono wake mwenyewe, na Iokepa akaona wazi wazi jinsi alivyojinasa. Hasira haikuruhusiwa. Kumkaripia mtoto hakukuruhusiwa. Kumnyima mtoto jibu mbele ya Haloa kungekuwa kumnyima chakula.

Haliaka akala ile poi polepole. Akafuta kidole.

"Alikuwa mfupi," akasema. "Mguu mmoja ulikuwa umepinda. Alikuwa anaimba vibaya sana kanisani, na hakuna aliyethubutu kumwambia."

Watoto wakacheka kidogo. Yeye pia, kidogo.

"Alikuwa na binti aliyeolewa kule magharibi, kwenye ukavu. Kalina. Watoto wa Kalina walikunywa maji ya pipa yaliyojaa viluwiluwi vya mbu, na mmoja wao akafa kwa tumbo. Babu alikwenda kuzika, akarudi na nyumbu wake, akakaa siku nyingi bila kuimba. Ndipo wale watu wa kampuni wakaja. Walikuja kwa heshima, wamevua kofia. Wakamwambia tunataka kupeleka maji magharibi, bomba litapita mbele ya nyumba ya binti yako. Babu akauliza jambo moja tu, kama patakuwa na koki mlangoni kwake. Wakasema ndiyo. Wakampa mkono. Akawapandisha mpaka kwenye banio."

"Koki ikawekwa?" akauliza Kawehi.

"Bomba lilipita pale pale mbele ya mlango. Nene, jeusi. Ukilaza sikio unasikia maji yakienda. Koki haikuwekwa."

Haliaka akachovya tena, akameza, akaendelea.

"Mto ulipokauka watu wa humu walimpita njiani kama wanampita mbwa. Kila jioni alipanda kule juu. Mimi ndiye niliyekwenda naye, nilikuwa mdogo kuliko wewe. Watu walisema anakwenda kulia. Hakuwa akilia. Alikuwa anapanga mawe. Banio lilikuwa halina maji, yeye anapanga. Jiwe likiangushwa na nguruwe analirudisha. Akanifundisha lipi linakaa chini ya lipi, akasema, maji yatarudi, na yakirudi yakute mlango."

Iokepa aliweka samaki wake chini. Miaka yote alidhani mawe yale yalipangwa na baba yake. Juu ya jiwe moja kati ya hayo ndipo aliposimama kulitaja jina la Nahinu.

Alikohoa. Alichagua maneno yake kwa uangalifu, kwa kuwa bakuli lilikuwa wazi, lakini hakuwa mtu wa kuacha neno lake likaoza mdomoni. "Pamoja na hayo, dada," akasema kwa upole, "aliwaonyesha njia."

"Aliwaonyesha. Nani kasema hakuwaonyesha? Sema hilo pia, usilifiche. Lakini ukisema nusu, unakuwa kama hakimu aliyesikiliza upande mmoja akaenda kulala." Naye pia sauti yake ilikuwa ya upole. Walitazamana, wazee wawili wenye pua moja, kila mmoja akiwa amelazimishwa adabu, na ajabu ni kwamba adabu ile haikuwakaa vibaya.

"Hukuniambia," akasema Iokepa.

"Hukuniuliza. Ulirudi kutoka kwenye mananasi ukijua kila kitu."

"Hilo ni kweli," akasema Iokepa, na Delbert akacheka, na safari hii hata Luika hakumkanyaga.

Chakula kilipokwisha, Haliaka mwenyewe ndiye aliyekwangua kingo za bakuli na kulifunika. Iokepa alingoja. Sasa ruhusa ya kugombana ilikuwa imerudi, na hakujua dada yake ataitumiaje. Haliaka alisimama, akajinyoosha kiuno, akavuta kamba iliyokuwa shingoni mwake, na mwisho wa kamba palikuwa na ufunguo.

"Wewe mwenye miwani, twende. Na wenzako wote. Yule mzee akitaka naye aje, lakini akijua kwamba kule juu mwalimu ni mimi."

"Na kule chini?" akauliza Iokepa.

"Kule chini endelea na kuta zako za samaki na ndoana zako. Nani anakuzuia?"

Walipanda. Mnyororo ulianguka kwenye majani, na mbwa akaurukia akidhani ni mchezo. Kwenye banio mvua ya juzi ilikuwa imetawanya mawe, na maji mengi yalikuwa yakipita pembeni bila kuingia mferejini. Haliaka hakupanda juu ya jiwe lolote. Aliingia mtoni na gauni lake, akawaita watoto wamzunguke, akalisema jina la Nahinu Puhala kwa sauti kubwa, la ukoo na la ubatizo. Akasimulia yote tangu nyumbu hadi koki. Sehemu ya kuonyesha njia hakuipitia haraka. Alisimama hapo, akangoja mpaka watoto wenyewe wakaona uzito wake, kisha akaendelea.

Iokepa alisikia mahali dada yake alipokosea mwaka. Akainua kidole.

"Nyamaza, mdogo wangu. Bado nafundisha. Wewe mnene, unaitwa nani?"

"Delbert, Shangazi."

"Delbert, jiwe lile halisimami hivyo. Lilaze. Tumbo lake litazame mlima. Hivyo. Sasa hilo dogo lifunge mgongo wake."

Luika alikuwa ameingia majini pia, sketi ameikunja kiunoni. Akasema atamwambia mkuu wa shule kwamba siku moja haitoshi, kwamba watoto bado hawajamaliza.

"Hawajaanza," akasema Haliaka. "Mwambie mwakani waje na mablanketi. Na huyo mkuu wenu aje naye, ana mikono, sivyo?"

Iokepa alikuwa amenyanyua jiwe kubwa zaidi, lile lililowashinda vijana wawili. Alisimama nalo kifuani, maji yakimpiga mapaja, pumzi ikimwenda mbio.

"Dada, hili?"

Haliaka alilitazama kwa muda. Alilitambua.

"Hilo ni la chini kabisa," akasema. "Lete hapa, nikuonyeshe."